Mwajiri wa zamu ajue saa zake kabla ya kununua programu

MWISHO wa mwezi ni wakati wa mvutano katika biashara nyingi zinazotumia wafanyakazi wa zamu. Mlinzi anasema alikesha lindoni siku nne zaidi ya zilizoandikwa. Mwoka mikate anadai saa za ziada ambazo msimamizi hazikumbuki. Mwenye mali anafungua daftari, anakuta ukurasa mmoja umechanika na mwingine una jina moja lililoandikwa mara mbili. Mwishowe analipa kwa kukisia, na kila upande unaondoka ukiamini umeibiwa.

Hali hii ndiyo inayowafanya wenye hoteli, vituo vya mafuta, maduka ya dawa, viwanda vidogo na mashamba makubwa wavutiwe na programu za kusimamia zamu. Programu hizo, zinazofanya kazi kwenye kompyuta au simu ya mkononi, hupanga ratiba, hurekodi muda wa kuingia na kutoka, na kukokotoa malipo ya kila mmoja.

Hata hivyo, programu haijui kilichotokea kazini. Inajua kile ilichoambiwa tu. Mwajiri anayeingiza saa zisizo sahihi atapata mshahara usio sahihi, tofauti ikiwa kwamba sasa kosa limechapwa vizuri na linaonekana kama kweli. Kwa hiyo faida ya chombo hiki haianzii dukani kinakouzwa, bali katika kumbukumbu za saa na uelewa wa sheria wa yule anayekinunua.

Kibarua kilikuwa karatasi

Suala la kurekodi muda wa kazi si geni katika nchi hii. Neno kibarua lenyewe limetokana na barua. Lilikuwa jina la kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa kama ushahidi wa siku aliyofanya kazi, naye alikirudisha ili alipwe. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi na la mtu anayeifanya.

Wakati wa ukoloni, vibarua wa mashamba makubwa ya Tanganyika walitumia kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi. Ujira ulilipwa siku 30 za kazi zilipotimia. Mfumo huo ulikuwa na ukali wake, kwani siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa. Lakini jambo moja bado lina maana leo: kumbukumbu ilikuwa mkononi mwa mfanyakazi pia, si kwa bwana shamba peke yake.

Programu nzuri hufanya hivyohivyo. Mfanyakazi huona saa zake kila siku au kila wiki, na kama kuna kosa hulisema mapema, kabla halijafika kwenye mshahara.

Sheria inasema nini

Kwa Tanzania Bara, msingi wa hesabu zote ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, hivyo mwajiri wa Unguja au Pemba asichukue viwango vya Bara na kuviingiza kwenye programu yake.

Sheria ya Bara inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki na saa 45 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazitakiwi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki 4, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ukijumlisha na saa za ziada, zamu moja haitakiwi kuzidi saa 12.

Kazi ya usiku ni ile inayofanyika kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi. Kila saa ya muda huo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Anayefanya kazi siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili kwa kila saa.

Aidha, aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza zamu moja na kuanza nyingine zipite saa 12, na kila wiki awe na saa 24 za kupumzika. Mjamzito hapaswi kupangiwa usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua.

Wengi hudhani masharti haya ni ya viwanda vikubwa tu. Si kweli. Mwenye mgahawa mwenye wahudumu watatu anahusika sawasawa na mwenye kiwanda cha watu mia tatu.

Hesabu ya saa moja

Ili kupata thamani ya saa moja, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa wiki 4.333, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Kwa anayefanya saa 45 kwa wiki, mwezi una saa 195.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa Sh390,000. Gawanya kwa 195, saa moja ni Sh2,000. Saa ya ziada ya mchana ni Sh3,000. Saa ya kawaida ya usiku ni Sh2,100. Saa ya ziada ya usiku ni Sh3,150, kwa kuwa asilimia 5 hukokotolewa juu ya kiwango cha saa ya ziada. Saa ya mchana ya sikukuu ni Sh4,000.

Hivyo mtu mmoja ana bei tano tofauti za saa ndani ya mwezi mmoja. Ukiwa na watu wawili, kalamu na kikokotozi vinatosha. Ukiwa na watu 15 wanaobadilishana zamu tatu, hesabu hiyo ya mkono huchukua siku nzima na makosa hayakosekani. Hapo ndipo programu inapoanza kulipa gharama yake.

Deni lisiloonekana

Fikiria kiwanda kidogo cha mikate chenye wafanyakazi 4 wa usiku. Wanaingia saa 4:00 usiku na kutoka saa 12:00 asubuhi, wakiwa na saa moja ya mapumziko. Kila mmoja anafanya saa 7 za usiku. Kwa mshahara wa mfano wetu, nyongeza ya usiku ni Sh100 kwa saa, yaani Sh700 kwa usiku mmoja.

Kwa usiku 26 ni Sh18,200 kwa mtu. Kwa watu 4 ni Sh72,800 kwa mwezi. Mwenye kiwanda asiyejua nyongeza hiyo atakuwa amelimbikiza deni la Sh873,600 kwa mwaka bila kuliona kwenye daftari lolote. Siku mmoja wa wafanyakazi anapoachishwa kazi na kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, deni hilo linaweza kuibuka lote kwa pamoja.

Sheria inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za masharti ya kazi na za malipo ya mfanyakazi kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi ya masharti ya kazi wakati wa shauri, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kwa maneno mengine, daftari lililopotea humwumiza aliyetakiwa kulitunza.

Hasara huweza pia kwenda upande wa pili. Mfanyakazi anayebaki saa moja ya ziada kila siku, tanuri likiwa limeshapoa, anamgharimu mwajiri Sh3,000 kwa siku, sawa na Sh78,000 kwa siku 26. Kama hakuna anayefuatilia saa, hakuna atakayejua kama saa hiyo ilizalisha chochote.

Programu inafanya nini

Kazi ya kwanza ni ratiba. Msimamizi huandika ni watu wangapi wanahitajika kila saa ya siku, na programu humwonyesha nani yupo, nani ana likizo na nani ameshafikisha saa zake. Mwenye mgahawa karibu na gulio, kwa mfano, anajua siku ya gulio anahitaji wahudumu wengi kuliko Jumatatu. Badala ya kuweka idadi ileile wiki nzima, anahamishia nguvu pale penye wateja.

Kazi ya pili ni mahudhurio. Mfanyakazi hujiandikisha kwa kadi, namba ya siri, alama ya kidole au simu. Ya tatu ni kukokotoa malipo kwa viwango vilivyowekwa. Ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kutoa onyo. Mtu aliyetoka saa 12:00 asubuhi akipangiwa zamu ya saa 8:00 mchana siku hiyohiyo, amepata mapumziko ya saa 8 tu badala ya 12. Programu iliyowekewa masharti ya sheria itakataa au itaonyesha alama nyekundu.

Walinzi ni mfano mzuri. Mlinzi anayekesha saa 12 kwa siku 6 yuko lindoni saa 72 kwa wiki. Hata ukitoa saa moja ya mapumziko kila siku, zinabaki 66, na saa za ziada ni 21 kwa wiki au 84 kwa wiki 4, wakati ukomo ni 50. Ratiba ya namna hiyo imevunja sheria kabla mwezi haujaisha.

Njia halali ipo. Kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, pamoja na mapumziko ya chakula, bila malipo ya saa za ziada, alimradi siku zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Walinzi wawili wanaopokezana lindo la usiku huingia vizuri ndani ya mpango huo, na nyongeza ya usiku inabaki palepale.

Saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta

Lipo kosa moja linalowasumbua hasa watumiaji wa Afrika Mashariki. Kompyuta huanza kuhesabu siku usiku wa manane, wakati Waswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo.

Mfanyakazi akiandika aliingia saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 10:00 jioni, maana yake ni 07:00 hadi 16:00. Karani akiingiza 1:00 na 10:00, jumla bado ni saa 9, hivyo hakuna atakayeshtuka. Lakini programu itaamini mtu huyo alianza kazi usiku wa manane umepita kwa saa moja, na itamlipa nyongeza ya usiku kwa saa 5 ambazo alikuwa amelala nyumbani.

Kwa mlinzi mambo ni mabaya zaidi. Lindo la saa 12:00 jioni hadi saa 12:00 asubuhi ni 18:00 hadi 06:00. Likiingizwa kama 12:00 hadi 12:00, programu inaweza kusoma sifuri au saa 24.

Vilevile, zamu inayovuka usiku wa manane huangukia tarehe mbili. Aliyeingia saa 4:00 usiku wa Desemba 8 na kutoka saa 12:00 asubuhi amefanya sehemu kubwa ya kazi yake Desemba 9, Sikukuu ya Uhuru, na saa hizo zina malipo ya sikukuu. Kabla ya kununua, mwajiri amwombe muuzaji aonyeshe mfano wa zamu kama hiyo ikikokotolewa mbele yake.

Alama za vidole zina sheria

Vifaa vya alama za vidole hupendwa kwa sababu vinazuia mtu kumsainia mwenzake aliyechelewa. Lakini kwa wanaoshika jembe, saruji au sabuni kali siku nzima, ngozi ya vidole husuguka na kifaa hushindwa kuwatambua. Mwajiri awe na njia ya pili, kama kadi au namba ya siri, ili mtu asipoteze siku yake kwa sababu ya kidole.

Zaidi ya hapo, alama ya kidole ni taarifa binafsi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, mwaka 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aeleze anazikusanya kwa lengo gani na azilinde. Mfanyakazi aelezwe kabla ya kuweka kidole. Programu zinazofuatilia simu ya mfanyakazi ilipo zizimwe saa za kazi zinapokwisha.

Jambo jingine la kuangalia ni jinsi programu inavyokata dakika. Baadhi zinaweza kupangwa zisome muda kwa robo saa. Zikipangwa ziwe zinapunguza tu, kila mfanyakazi anaweza kupoteza hadi dakika 15 kwa siku. Kwa watu 10 na siku 26, hizo ni saa 65, sawa na Sh130,000 kwa kiwango cha mfano wetu. Huo si ujanja wa biashara. Ni jasho la watu.

Shambani nako

Mkulima anayeajiri vibarua wakati wa palizi au mavuno anaweza kudhani haya hayamhusu. Lakini mashamba ya maua ya Arusha, ya chai ya Mufindi na Rungwe, na vituo vya kufungashia mbogamboga huendeshwa kwa mfumo huohuo wa zamu na vipimo.

Tofauti ni kwamba shambani mara nyingi malipo hufuata kazi iliyofanyika, kama kilo za majani ya chai au idadi ya kreti. Hapo programu inatakiwa irekodi vitu viwili: uzito na muda. Mkulima akijua kilo tu, hawezi kujua kama mchumaji alipata kilo nyingi kwa sababu ya bidii au kwa sababu alifanya kazi saa 11. Akijua vyote viwili, ataona pia shamba lipi lina mavuno hafifu na wapi watu wanapoteza muda wakisubiri mizani.

Kwa shamba lisilo na mtandao, achague programu inayohifadhi taarifa ndani ya simu na kuzituma baadaye. Isiyofanya kazi bila intaneti itazaa ugomvi siku ya kwanza mtandao utakapokatika.

Zamu zisizotabirika

Programu huweza pia kutumiwa vibaya. Nchini Marekani, baadhi ya maduka na migahawa yalizitumia kubadilisha zamu kila mara ili kubana matumizi, wafanyakazi wakiarifiwa siku chache kabla. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba jiji la San Francisco mwaka 2014 na jimbo la Oregon mwaka 2017 yalitunga sheria za kuwataka waajiri wakubwa watangaze ratiba mapema.

Utafiti uliohusisha maduka 28 ya nguo ya kampuni ya Gap katika maeneo ya Chicago na San Francisco, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, ulionyesha kuwa maduka yaliyowapa wafanyakazi zamu zenye utulivu zaidi yaliongeza mauzo kwa asilimia 7. Sababu si ngumu kuielewa. Mtu anayejua zamu yake ya wiki ijayo hupanga usafiri, mtoto na mapumziko, na huja kazini akiwa na nguvu ya kumhudumia mteja.

Umeme na mtandao vikikatika

Desemba 2021, mtandao wa kampuni ya UKG ya Marekani, inayouza programu maarufu ya Kronos, ulivamiwa na wahalifu. Waajiri wengi, zikiwemo hospitali, walikaa wiki kadhaa bila kuzifikia kumbukumbu za saa za wafanyakazi wao. Wengine walirudia karatasi, na wengine walilipa kwa kufuata mshahara wa nyuma, jambo lililowaacha waliofanya saa nyingi wakidai.

Kama hilo liliwapata waajiri wakubwa, mwenye duka la Mwanza au Mbeya asidhani yuko salama. Kila Jumamosi achape muhtasari wa saa za wiki, kila mfanyakazi asaini, na karatasi ihifadhiwe. Karatasi hiyo itamsaidia umeme ukikatika, simu ikiibiwa au muuzaji wa programu akifunga ofisi.

Wapi pa kuanzia

Hatua ya kwanza haigharimu kitu zaidi ya daftari. Kwa mwezi mmoja, andika jina, tarehe, muda wa kuingia, mapumziko na muda wa kutoka, na mfanyakazi asaini kila siku. Mwisho wa mwezi kokotoa malipo kwa viwango vya sheria. Wengi watagundua hapohapo tatizo lao ni zamu zilizopangwa vibaya, si kukosa kompyuta.

Mwenye wafanyakazi wasiozidi watano anaweza kuishia hapo, au kutumia jedwali la kawaida la kompyuta. Mwenye zaidi, au mwenye zamu za usiku, ana sababu ya kutafuta programu. Amwulize muuzaji maswali machache: Je, viwango vya sheria ya Tanzania vinaweza kuingizwa? Inafanya kazi bila intaneti? Mfanyakazi anaona saa zake? Ada inalipwa kwa mwezi au kwa kila mtu? Na mkataba ukikoma, kumbukumbu zangu nitazichukua kwa namna gani?

Baada ya kununua, daftari na programu vitumike pamoja kwa mwezi mzima. Penye tofauti, itafutwe sababu mbele ya mfanyakazi mwenyewe. Vikikubaliana, daftari linaweza kupumzika, lakini lisitupwe. Ndani ya miaka 5 baada ya mtu kuondoka kazini, linaweza kuhitajika.